Shanga, Shuka na Doti: Matakwa ya Wanunuzi katika Biashara ya Misafara

Katika vitabu vingi vya historia twasoma kwamba misafara ya karne ya 19 ilipeleka bara vikorokoro tu, yaani shanga na vitambaa vya bei ndogo, ili kupata pembe za ndovu. Maneno hayo humfanya msomaji adhani kwamba mtu wa bara alipokea chochote alicholetewa. Lakini msamiati wa biashara ile, ambao sehemu yake ingali hai katika Kiswahili, washuhudia kinyume chake: mnunuzi ndiye aliyeamuru, na mwenye kiwanda huko ng'ambo alimtii pasipo kumjua.

Tuanze na shanga. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, alikadiria aina zake kuwa 400 hivi, kila moja ina jina lake, thamani yake na mahali pake. Ushanga mwekundu uliotoka Venice uliitwa samesame; nao ulikuwa na majina mengine ya mzaha, la kumaliza chakula na la kuvunja mji, maana watu walikuwa tayari kufilisi nyumba zao ili waupate. Stanley naye, alipojitayarisha kwa safari yake ya mwaka 1871, aliambiwa kwamba ushanga mwekundu wapokewa Unyamwezi, mweusi wafaa Ugogo tu, na mweupe wakubaliwa Ufipa lakini wadharauliwa Ukonongo. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alijikuta safarini na mali isiyomnunulia hata chakula.

Hapo ndipo palipokuwa na shida kubwa. Matakwa yalikuwa mengi, njia ilikuwa ndefu, na mzigo wa mpagazi mmoja haukuzidi sana frasila 2, ndizo ratili 70 hivi. Haikuwezekana kuchukua kila kitu kwa kila mtu. Wenye misafara walipata dawa yake kwa njia mbili. Kwanza, waliulizia habari kwa waliorudi bara karibuni kabla ya kununua. Pili, waliiacha kazi ya mwisho ya kuitengeneza bidhaa ifanywe karibu na mnunuzi. Shanga zilinunuliwa Unguja kwa uzani, kisha zikatungwa katika nyuzi zilizoitwa khete, na khete 10 zikawa fundo moja. Joseph Thomson alipofika Taveta mwaka 1883 ilimlazimu kuwatumia watu wake kuzitunga upya shanga zake kwa urefu uliokubaliwa na Wamasai, na kushona vitambaa viwe mavazi ya vita waliyoyapenda. Bila ya kazi hiyo mali yake isingepokewa.

Kadhalika na nguo. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, kitambaa kisichopaushwa kutoka Massachusetts kilienea pwani na bara, kikaitwa merikani. Kilikuja kwa jora. Kisha kikakatwa shuka, mikono 4, na shuka 2 zikafanya doti. Kiwanda kilifuma kitu kimoja tu, na mkasi ukakigawa kwa haja za wengi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya miaka 1861 hadi 1865, vilikatiza biashara hiyo, na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikachukua nafasi. Hata hivyo jina halikubadilika. Merikani haikuwa tena jina la nchi kilikotoka kitambaa, bali la sifa ambazo mnunuzi alizidai: uzito wake, ufumaji wake na rangi yake.

Mwishoni mwa karne hiyo mambo yaligeuka. Wanawake wa pwani, kama isimuliwavyo, walikuwa wakinunua leso zikiwa bado jora, wakazikata na kuziunganisha 6 ziwe vazi moja. Wafanyabiashara wa Unguja na Mombasa walipoyaona hayo, waliagiza vazi zima lichapwe ng'ambo kwa mifano iliyopendwa huku, na ndiyo asili ya kanga. Kazi iliyokuwa ya sindano ya mnunuzi ikahamia kiwandani, na wingi wa mitindo ukawa mzigo wa mchapaji. Lakini kipimo cha zamani kilibaki, kwani kanga hata leo huuzwa kwa doti.

Basi mwenye kutunga kamusi asidhani kwamba ametimiza wajibu wake akiandika kwamba doti ni jozi ya kanga, au merikani ni kitambaa cha pamba. Hati za biashara zilizohifadhiwa ng'ambo zataja wenye meli na wenye mali. Mnunuzi wa Ugogo au wa Taveta hana jina ndani yake. Ushahidi wake umo katika maneno haya, na baadhi yake, kama khete na samesame, si wengi wayajuao sasa. Yakipotea pasipo kuelezwa, litabaki lile neno vikorokoro peke yake, nalo si la kweli.