Kadi Inakupa Pointi, Riba Inakumaliza: Vile Utabonga na Benki Ikushushie

Kama uko na ile kadi ya mkopo ya pointi, wacha nikuulize swali moja kabla tuendelee. Riba yako ni ngapi kwa mwezi? Si limiti, si pointi umeokota. Riba. Kama umenyamaza, hauko peke yako. Mimi nilikaa na yangu miezi nane bila kujua, na pointi zangu nilikuwa nazijua hadi ile ya mwisho.

Kadi nilipewa nikiwa na kazi ya kuandika yenye ilikuwa inalipa kila mwisho wa mwezi, nikiishi hapa Tuala, nikijiona nimeomoka. Dem wa benki alinipanga vizuri: pointi kila ukiswaipu, punguzo kwa hoteli, na kukaa kwa ile launji ya JKIA bure. Maze, mimi JKIA nimewahi enda mara moja, kusindikiza binamu yangu akienda Qatar, na nilibaki nje kwa parking. Lakini nilisaini. Halafu kazi ikakatika, nikaanza kulipa ile pesa kidogo tu yenye stetimenti inasema ndiyo ya lazima. Siku nilishtuka, deni lilikuwa 58,000.

Kwanza piga hesabu ya pointi

Chukulia kadi yako inakurudishia kitu kama asilimia 1 ya pesa umetumia. Umetumia 20,000, pointi zako ni kama soo mbili. Sasa chukulia riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na hiyo 20,000 hukuilipa yote. Mwezi mmoja tu riba ni soo saba. Umepewa mia mbili kwa mkono wa kulia, mia saba zimetoka kwa wa kushoto. Na mwezi unaofuata pointi hazirudi, lakini riba inarudi.

Pointi zinalipa tu kwa msee anamaliza deni lote kila mwezi kabla ya tarehe. Huyo anatumia pesa ya benki bure zile siku za neema, anaokota pointi, anatoka. Wewe mwenye unabeba salio ndiye unamlipia hizo pointi zake. Iko hivyo.

Kitu kingine: asilimia 3.5 inakaa kidogo kwa sababu ni ya mwezi. Zidisha mara 12 unapata 42 kwa mwaka. Na kama riba inaingia juu ya riba, inafika kama 51. Ukisikia Sacco ya mtu inampa mkopo kwa asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua, hiyo ni 12 kwa mwaka. Weka hizo namba mbili kando kando halafu ukunywe maji.

Na usitoe keshi ATM na hiyo kadi. Siku za neema kwa kawaida huwa za kununua vitu tu. Ukitoa keshi unakatwa ada hapo hapo na riba inaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo.

Silaha uko nazo

Watu wengi hawapigi simu kwa sababu wanadhani bei ya benki ni kama bei ya unga kwa supamaketi, imebandikwa na imeisha. Si kweli kabisa. Benki inajua msee akishindwa kabisa, itatumia pesa kumkimbiza na labda isipate zote. Mteja mwenye bado anajaribu ni mali kwao. Hapo ndipo nguvu yako iko, na iko tu kabla uchelewe kulipa. Ukishakosa miezi mitatu, mkopo unahesabiwa kuwa mbovu, na mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Silaha ya pili ni Benki Kuu. Ile riba yake ya msingi ilikuwa asilimia 13 Februari 2024. Kuanzia Agosti mwaka huo ikaanza kushuka, na kufika Oktoba 2025 ilikuwa 9.25. Gavana Kamau Thugge amekuwa akisukuma mabenki hadharani washushie wateja pia. Kwa hivyo ukiuliza, "Riba ya Benki Kuu imeshuka, mbona yangu iko pale pale?", hujauliza swali la ujinga. Ni swali hata CBK inauliza.

Kumbuka pia hatuko tena enzi ya kufungiwa riba. Septemba 2016 serikali iliwekea mabenki kikomo cha asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Wengi tulishangilia, halafu mabenki yakaacha kukopesha watu wadogo, na Novemba 2019 hiyo sheria ikatolewa. Toka hapo bei yako inategemea vile benki inakuona. Sasa hakikisha inakuona vizuri: chukua ripoti yako ya CRB. Kuna tatu zenye leseni, Metropol, TransUnion na Creditinfo, na uko na haki ya ripoti moja bure kila mwaka. Angalia kama kuna mkopo ulishalipa na bado unaonyesha deni. Mimi nilipata kamoja ka apu, deni la zamani nililipa, bado kanasoma. Nilikasafisha kwanza ndiyo nikaenda kubonga.

Hapo hapo nikuonye. Kwa kila grupu ya Facebook ya mtaa, kuanzia Rongai hadi Kitengela, hukosi jamaa anasema atakutoa CRB kwa elfu mbili. Hakuna mtu wa nje anaweza kukutoa. Unatolewa na yule aliyekuandikisha, ukishalipa ama ukionyesha alikosea.

Siku ya kubonga

Usianze na simu ya huduma kwa wateja ukitegemea huyo ndiye atakata riba. Hana hiyo nguvu. Anaweza kufuta faini ya kuchelewa, wakati mwingine ada ya mwaka, basi. Mimi nilipiga, nikaambiwa "hiyo ndiyo riba ya kadi zote, boss". Na enyewe hakudanganya, kwa sababu mara nyingi riba ya kadi imewekwa kwa mfumo wa kadi zote, si ya mtu mmoja mmoja. Nilikata simu nikiwa nimechoka.

Wiki iliyofuata nikapanda mat hadi Kitengela, juu benki yangu haina tawi Tuala. Nilibeba vitu vinne: stetimenti za miezi sita nikiwa nimeweka alama kila mahali nililipa kwa wakati, ripoti ya CRB, stetimenti ya M-Pesa kuonyesha pesa naingiza sahii za vibarua, na karatasi moja ya bei ya mkopo wa Sacco ya mathe. Hiyo karatasi ya mwisho ndiyo ilifanya mtu akae vizuri kwa kiti.

Mazungumzo yalienda hivi, nimefupisha:

"Madam, habari ya asubuhi. Nimekuja kuhusu kadi yangu. Sijawahi kosa malipo, lakini hii riba ya 3.5 sitaiweza, kazi yangu imebadilika. Naomba mnipunguzie."

"Riba ya kadi hatuwezi badilisha, kijana wangu."

"Sawa madam. Basi naomba hili deni mlitoe kwa kadi mnifanyie mkopo wa miezi 12, kwa riba ya chini. Hii Sacco iko tayari kulinunua, lakini ningependa nibaki na nyinyi."

Akaangalia skrini. Akaangalia ile karatasi. Akasema, "Ngoja nimwite mwenzangu wa mikopo."

Hapo ndipo mambo yote yalibadilikia. Sikuomba tena wavunje bei ya kadi. Niliomba deni lihame kutoka kitu cha bei ghali kwenda kitu cha bei nafuu ndani ya benki hiyo hiyo. Hilo wanaweza, na wanalifanya zaidi ya vile wanatangaza. Baada ya wiki mbili na barua pepe tatu, nilipata mkopo wa miezi 12 kwa asilimia 18 kwa mwaka ya salio linalopungua, kadi ikafungwa hadi nimalize.

Hesabu yake ni hii. 58,000 kwa riba hiyo, unalipa kama 5,317 kila mwezi, na riba yote inakuja kama 5,800. Ningebaki kwa kadi nikilipa pesa ile ile 5,317 kila mwezi, ningelipa karibu miezi 14 na riba ingekuwa kama 16,300. Tofauti ni zaidi ya thao kumi. Hiyo ni rent ya mtu huku kwetu.

Na ningeendelea na malipo ya chini kabisa? Wacha tu.

Ukienda, omba kwa mpangilio huu: riba ishuke, wakikataa, deni ligeuzwe mkopo wa muda, wakikataa hiyo pia, angalau ada ya mwaka na faini zifutwe. Usianze na kidogo. Ukianza na faini wataifuta haraka sana wakikushukuru, na mazungumzo yataishia hapo. Uliza pia maswali mawili yenye watu husahau. Moja, hii riba mpya ni ya salio linalopungua ama ni ya pesa yote ya mwanzo hadi mwisho? Asilimia 12 ya pesa yote inaweza kuwa ghali kuliko 18 ya salio linalopungua. Mbili, kuna ada ya kuanzisha huo mkopo? Kama iko, iingize kwa hesabu kabla ufurahie. Mtandao wa Cost of Credit, wenye CBK na chama cha mabenki walianzisha 2017, unakuonyesha gharama yote ya mkopo na riba halisi ya mwaka, na unalinganisha benki na benki. Ingia hapo usiku kabla ya kwenda.

Kila kitu mkiongea, kiandike. Ukitoka kwa ofisi tuma barua pepe: "Leo tumekubaliana hivi na hivi." Afisa anaweza kuhamishwa kesho, barua pepe haihamishwi.

Ukiwa umeshachelewa

Kuna sheria moja yenye ningependa kila mtu wa rika letu aijue kama jina lake. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kimetumika toka 2007. Kinasema mkopo ukishakuwa mbovu, riba yenye benki inaweza kukudai kuanzia hapo haiwezi kupita lile deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Kama lilikuwa 40,000, riba inasimama ikifika 40,000 nyingine. Wanaweza kuongeza gharama za kudai, lakini deni haliwezi kukua milele. Ukiona namba imepita hapo, omba mchanganuo kwa maandishi na utaje kifungu.

Kabla wakupeleke CRB kwa ubaya, lazima wakupe notisi ya siku 30. Hizo siku 30 ni zako za kubonga. Deni chini ya 1,000 haliruhusiwi kukuweka kwa orodha mbaya, tangu kanuni za 2020. Na wakikataa kukujibu kabisa, andikia benki malalamiko rasmi kwanza, upate namba ya malalamiko, halafu ndiyo upeleke CBK. Ukienda CBK moja kwa moja watakurudisha.

Wale wa apu za mikopo nao wako na sheria yao tangu Machi 2022: leseni ya CBK, hakuna matusi, hakuna kupigia shangazi yako simu kumwambia una deni. Wakifanya hivyo, piga picha ya meseji, usifute.

Fuliza je?

Wengi mnaniuliza hii. Fuliza na M-Shwari hakuna meneja wa kubonga naye. Bei ni moja kwa wote. M-Shwari ni asilimia 7.5 kwa siku 30, na ukipitisha inaongezwa tena. Lakini hata hiyo iliwahi shuka bila mtu mmoja kuomba: mwisho wa Septemba 2022 ada ya Fuliza ya kila siku kwa deni la 501 hadi 1,000 ilishushwa, na siku tatu za kwanza zikawa bure kwa deni lisilozidi 1,000. Ilikuwa kelele za watu wengi pamoja na serikali mpya yenye ilitaka kuonekana.

Kwa hivyo usilipe kadi na Fuliza. Nimeona watu wakifanya, hata mimi nilifanya mara mbili. Kama lazima ukope kulipia deni ghali, Hustler Fund ni asilimia 8 kwa mwaka, ingawa limiti ya wengi ni ndogo hata haifiki nusu ya salio la kadi.

Mambo yakikubalika, ngoja stetimenti ya mwezi unaofuata na uangalie mstari wa riba wewe mwenyewe. Yangu ilikuja bado na 3.5 kwa sababu mtu hakuingiza mabadiliko. Nilituma ile barua pepe tena, na rekebisho likakuja baada ya siku nne, pamoja na ile riba walikuwa wamekata zaidi.