Mtunzi na mtunzaji

Maneno haya yanafanana kwa sauti, lakini hayakuzaliwa tumbo moja. Mtunzi anatokana na kutunga: g hugeuka z mbele ya -i, kama jenga inavyozaa mjenzi. Mtunzaji anatokana na kutunza.

Hapa Uvira mto unatufundisha tofauti. Mulongwe hushuka kutoka milimani, hupita mjini na kuingia Ziwa Tanganyika. Ulipofurika Aprili 2020, walioumia ni wa chini. Programu huria nazo zina mkondo wa juu: mtunzi huandika, kisha watunzaji wa vifurushi huifikisha kazi yake kwa watumiaji. Mtunzi akinyamaza, mtunzaji hubaki akiziba matundu peke yake. Mradi wa programu huria wa Debian, ulioanza 1993, hukiita kifurushi kisicho na mtunzaji "yatima". Na Machi 2024 iligundulika kuwa mtu aliyejifanya kumsaidia mtunzaji aliyechoka wa xz, programu ya kubana faili, alikuwa ameingiza mlango wa siri katika programu hiyo.

Basi, mwandishi mwenzangu, usiandike mtunzi ukimaanisha mtunzaji. Wa kwanza huanzisha kazi. Wa pili huifanya idumu.