Ufa wa Ukwato

Farasi wa vita hubeba mtu, silaha na roho ya mtu huyo. Akichechemea, vyote vimo hatarini. Jambo hilo alilijua Xenophon, askari Mgiriki aliyekuwa mmoja wa makamanda waliowarudisha wenzao kutoka nchi ya Waajemi baada ya vita vya mwaka 401 kabla ya Kristo.

Katika kitabu chake juu ya farasi alianzia miguuni: kama nyumba isivyofaa ikiwa msingi ni mbovu, ndivyo alivyo farasi mwenye kwato mbovu. Alionya kwamba sakafu yenye unyevu huharibu hata kwato nzuri, akashauri banda liwe na mteremko wa kutolea maji, na nje yamwagwe mawe ya mviringo ili kwato zikomae.

Xenophon hakujua habari za vijidudu. Leo twajua kwamba hupenya penye ufa, usaha ukakusanyika ndani ya ukwato mgumu usiotanuka, na farasi akashindwa hata kukanyaga. Daktari wa mifugo hutoboa, usaha ukatoka, mnyama akapata nafuu. Lakini jipu likirudi tena na tena, kutoboa peke yake hakutoshi. Litazamwe banda, zitazamwe kwato zisizochongwa kwa wakati, utafutwe ugonjwa uliojificha.

Wengi wetu hatuna farasi. Lakini punda wa mkokoteni naye hutegemea kwato. Akichechemea, tumtazame mguu kabla ya kuinua fimbo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.