Mji Ulioogopa Karantini Kuliko Kipindupindu

Mwenyeji wa Hamburg aliyefungua bomba la jikoni miaka ya 1880 hakushtuka akiona kidudu kinaogelea kwenye ndoo. Maji ya mji yalivutwa kutoka mto Elbe, yakaachwa yatulie kidogo mabwawani, kisha yakasukumwa majumbani bila kuchujwa. Konokono, minyoo na hata mikunga wadogo waliishi ndani ya mabomba. Mtaalamu wa wanyama, Karl Kraepelin, alipata huko viumbe wa kutosha kuandikia utafiti mzima. Wenye mji waliusoma, wakatabasamu, wakaendelea kunywa.

Hamburg haukuwa mji mgeni kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1840 kampuni ya O'Swald ilikuwa ikinunua kauri Unguja na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Hansing, kampuni nyingine ya Hamburg, ikafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1859 miji ya Kijerumani ya Hansa ilitiliana mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar, na ilipofika 1890 kukaanzishwa Hamburg kampuni ya meli ya kuhudumia Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Mji huo ulijitawala wenyewe ndani ya dola ya Ujerumani, na waliokalia viti vya seneti yake walikuwa matajiri wa bandarini, mawakili wao na wenye majumba. Familia ya O'Swald nayo ilitoa seneta.

Watu wa namna hiyo waliogopa neno moja kuliko maradhi yenyewe: karantini. Meli ikizuiwa majuma mawili, mzigo unaoza, bima inapanda, na mteja anahamia bandari ya jirani. Ndiyo maana swali la kitaalamu tu, kwamba kipindupindu huletwa na nini, lilikuwa pia swali la fedha. Kama ugonjwa unasafiri na watu na maji, basi meli zizuiwe na mji ugharimie machujio. Kama unatoka ardhini na hewani, meli hazina kosa.

Jibu la pili lilikuwa na bingwa wake, na hakuwa mganga wa vichochoroni. Max von Pettenkofer, profesa wa Munich aliyezaliwa 1818, ndiye aliyelifanya somo la afya ya jamii kuwa taaluma ya chuo kikuu Ujerumani. Alipima hewa ya vyumba, unyevu wa kuta na kina cha maji ya chini ya ardhi. Kwa juhudi zake Munich ilipata mifereji ya maji taka na maji safi kutoka milimani, na homa ya matumbo, iliyokuwa ikiua watu kila mwaka, ikapungua mno. Mwaka 1854 kipindupindu chenyewe kilimpata, akapona.

Nadharia yake aliiandika kwa herufi tatu kama fomula ya hesabu. X ni kijidudu au kitu kingine kinachosafiri na watu. Y ni hali ya mahali: udongo wenye vinyweleo, uchafu uliooza ndani yake, maji ya ardhini yanayopanda na kushuka. X ikikutana na Y ndipo hutokea Z, sumu inayopaa na kuwaua watu. Peke yake X haina nguvu, kama punje ya mahindi isivyoota kiganjani. Kwa hiyo, alisema Pettenkofer, usihangaike na msafiri wala maji ya kunywa. Safisha ardhi.

Wazo la hewa mbaya lilikuwa la kale kuliko yeye, na liliwatosha watu wenye akili timamu kwa karne nyingi. Harufu ya uvundo na maradhi hukaa mtaa mmoja, hilo halina ubishi. Wazungu waliofika pwani yetu katika karne ya 19 waliogopa mvuke wa mikoko na hewa ya usiku, wakafunga madirisha, na bila kujua wakawapunguza mbu. Nadharia yenye kosa inaweza kuzaa desturi nzuri, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kudumu kwake.

Lakini wapo waliokuwa wakiona mengine. London, mwaka 1854, daktari John Snow aliorodhesha vifo vya mtaa wa Soho nyumba kwa nyumba, akaona vimezunguka pampu moja ya maji ya Broad Street. Mkono wa pampu uling'olewa, ingawa wakuu wa afya hawakukubali maelezo yake. Unguja nako kulikuwa na daktari Mskoti, James Christie, wakati kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa 1869. Hakuwa na hadubini ya kumwonyesha kijidudu. Alichokuwa nacho ni masikio. Aliwauliza viongozi wa misafara na wafanyabiashara waliotoka bara walipita wapi, waliwakuta wagonjwa mji gani, na mwezi gani. Kwa majibu yao aliifuata njia ya maradhi kutoka pande za Bahari ya Shamu, ikashuka kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, na kutoka Pangani ikavuka bahari. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1876, nacho kinaonyesha ugonjwa unaokwenda kwa mwendo wa msafara na kutua pale msafara unapotua. Mvuke wa ardhini hauna sababu ya kusubiri wapagazi. Inasikitisha kwamba Christie hatajwi sana, wala wale wenye misafara waliompa ushahidi.

Mwaka 1883 mtaalamu wa vijidudu Robert Koch alipelekwa Misri na serikali ya Ujerumani kukitafuta chanzo cha kipindupindu. Wafaransa nao walituma timu yao, na mmoja wao, kijana Louis Thuillier, akafia Alexandria kwa ugonjwa ule ule aliokuja kuuchunguza. Koch akaendelea hadi Calcutta. Mapema 1884 akatangaza kwamba bakteria mwenye umbo la mkato, aliyemwona matumboni mwa waliokufa na katika bwawa ambamo watu walichota maji na kuoga, ndiye chanzo. Mtaliano Filippo Pacini alikuwa amekwisha mwona mwaka 1854, ila hakuna aliyemsikiliza.

Ushahidi wa Koch ulikuwa na matundu, na wapinzani wake waliyaona. Kanuni yake mwenyewe ilitaka kijidudu kikitiwa kwa mnyama mzima kimfanye augue, lakini wanyama aliowajaribu hawakuugua kipindupindu kama binadamu. Tena walikuwapo watu wenye bakteria hao matumboni na hawaumwi. Waingereza, ambao tangu Mfereji wa Suez ufunguliwe 1869 hawakutaka kusikia habari ya meli za India kuzuiwa, walituma tume yao Calcutta, nayo ikamkatalia. Hapa tena sayansi na ushuru wa forodha vilikuwa chumba kimoja.

Hamburg uliegemea upande wa Munich. Mganga mkuu wa mji, Johann Kraus, aliikubali nadharia ya Pettenkofer, na wenye majumba waliikubali zaidi. Ujenzi wa machujio ya mchanga ulibishaniwa miaka mingi kwa sababu ya nani alipe. Ulipokubaliwa hatimaye mwaka 1890, ulikwenda polepole.

Agosti 1892 ilikuwa ya joto kali na ukame. Elbe ulishuka, na maji ya kujaa baharini yakaurudisha uchafu wa mji juu, kuelekea mahali pampu zilipovutia. Bandarini walikaa wahamiaji kutoka Urusi, wengi wao Wayahudi waliosubiri meli za Marekani, na vyoo vya kambi yao vilimwagikia mtoni. Urusi ilikuwa na kipindupindu mwaka ule, na baadaye lawama yote waliangushiwa wahamiaji hao, kana kwamba ni wao waliokataa kulipia machujio.

Wagonjwa wa kwanza walionekana katikati ya mwezi. Madaktari wa mji walisita kulitaja jina la ugonjwa, wakidai uthibitisho zaidi, na siku zikapita. Tarehe 17 meli Moravia iliondoka kwenda New York, na abiria 22 wakafa njiani. Koch alipofika Hamburg kutoka Berlin tarehe 24 mabomba yalikuwa yamekwisha kuyagawa maradhi kila mtaa. Hadi vuli walikuwa wameugua watu wapatao 17,000, na takriban nusu yao, kama 8,600, walikufa. Waliokufa zaidi walikuwa maskini wa vichochoro vya karibu na bandari, wasio na kuni za kuchemshia maji wala mjakazi wa kuwachemshia.

Na hapo ndipo jiografia ilipotoa ushahidi ambao maabara haikuweza kuutoa. Altona, mji uliopakana na Hamburg ukuta kwa ukuta, ulichota maji Elbe hiyo hiyo, tena upande wa chini, baada ya mto kupokea kinyesi cha Hamburg nzima. Kwa nadharia ya maji machafu ungetazamia Altona iangamie. Haikuangamia, kwa kuwa ilikuwa ikiyachuja maji yake kwenye mchanga tangu miaka mingi. Mpaka wa miji hiyo ulipita katikati ya barabara. Upande mmoja watu walikufa, ng'ambo ya pili walichungulia dirishani wakiwa wazima. Kulikuwa na jengo moja, Hamburger Hof, lililokuwa ndani ya Hamburg lakini bomba lake lilitoka Altona, nalo halikupata mgonjwa. Udongo ulikuwa mmoja, hewa moja, jua moja. Kilichotofautiana ni maji.

Mzee Pettenkofer hakukubali. Aliagiza bakteria hai wa kipindupindu, akaletewa na Georg Gaffky, mwanafunzi wa Koch. Tarehe 7 Oktoba 1892, akiwa na miaka 73, alikunywa mbele ya mashahidi mchuzi uliokuwa na mamilioni ya bakteria hao. Kabla ya hapo alimeza baikaboneti, ile dawa ya wenye kiungulia, ili asidi ya tumbo isije ikasemwa kuwa ndiyo iliyomwokoa. Huo ni uungwana wa kitaalamu usioonekana kila siku. Aliharisha siku chache, haja zake zikakutwa zimejaa bakteria, na hakufa. Kwake hiyo ilikuwa hukumu: X bila Y si kitu.

Siku kumi baadaye mwanafunzi wake Rudolf Emmerich alirudia jaribio. Emmerich aliugua vibaya zaidi, akaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, dalili ambayo muuguzi yeyote wa kambi ya kipindupindu ya leo angeitambua akiwa mlangoni. Alipona. Pettenkofer akasema kwamba hakuna aliyekufa, kwa hiyo si kipindupindu cha kweli. Hapo ndipo jabali lile la sayansi lilipojikwaa: lilipoanza kubadilisha maana ya ugonjwa ili nadharia ibaki imesimama.

Swali lake, hata hivyo, halikuwa la kijinga. Kwa nini watu wawili wanywe kisima kimoja, mmoja afe na mwingine aende shamba? Leo majibu yapo: wingi wa vijidudu vilivyomezwa, asidi ya tumbo, lishe, kundi la damu, kinga ya awali. Walio wengi kati ya wanaoambukizwa kipindupindu hawaonyeshi dalili kubwa, na bado wanakisambaza. Koch naye, kwa haraka ya kushinda, hakulipa swali hilo nafasi iliyostahili.

Mwezi Mei 1893 machujio ya Hamburg yalifunguliwa. Seneti ile ile iliyokawia miaka ikapata fedha ndani ya miezi, na daktari wa bandari, Bernhard Nocht, akateuliwa kuzikagua meli. Mwaka 1900 Nocht alifungua Hamburg taasisi ya maradhi ya nchi za joto, ambayo bado ipo kwa jina lake. Madaktari wa Kijerumani waliofunzwa huko walipanda meli za kuja Tanga na Dar es Salaam. Pettenkofer alijipiga risasi Februari 1901.

Koch alifika mwenyewe Afrika Mashariki zaidi ya mara moja. Mwaka 1906 alipiga kambi visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, ambako malale yalikuwa yakiteketeza watu. Alijua kimelea ni kipi na mbung'o ndiye anayekibeba. Wagonjwa aliwadunga atoxyl, dawa yenye aseniki ndani yake. Walipoonekana wanarudia kuugua aliongeza kipimo, na zaidi ya 20 wakapofuka wasipate kuona tena. Nadharia iliyokuwa sahihi haikumzuia kufanya kosa kubwa juu ya miili ya watu ambao hawakuwa na pa kushtakia. Baadhi ya Waafrika waliokuja kuihofia sindano ya serikali hawakuwa wakipinga vijidudu. Walikuwa wamewaona vipofu.

Jaribio la Munich bado linasimuliwa na wanaodai kwamba vijidudu havileti maradhi, ati profesa mzima alikunywa na hakufa. Msimulizi wa namna hiyo aulizwe habari za Emmerich, aulizwe pia Altona ilipata wapi bahati yake. Hamburg, tangu maji yake yapitie mchangani, haijapata tena mlipuko wa ukubwa ule. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ukaenea sehemu kubwa ya Tanzania uliwapiga zaidi watu wasio na maji salama na vyoo vya kuaminika, na bili ya kuwapatia vitu hivyo bado haijalipwa.