Kutoka Mkekani Hadi Lushoto: Watoto Wanaosomeshwa Nyumbani na Safari ya Milimani



Kila likizo inapokaribia, swali hurudi katika vikao vyetu vya akina mama: watoto tunaowasomesha wenyewe nyumbani tuwapeleke wapi kwa pamoja? Jina linalotajwa sana ni Lushoto. Watu wanaipenda kwa baridi yake, matunda yake na ile njia ya kupinda-pinda kupanda mlima. Yote ni mazuri, lakini kwa mtoto wa kisiwani Usambara ina jambo zaidi. Milima ile na visiwa vyetu vina historia moja, na sehemu ya historia hiyo hatuwasimulii watoto.

Kwanza tuondoe dhana kwamba kusomesha nyumbani ni mambo ya kuiga ng'ambo. Kwetu, nyumba ilikuwa darasa muda mrefu kabla ya shule ya serikali. Watoto walikaa mkekani na msahafu mbele ya mwalimu. Msichana aliyekaribia kuolewa alifundwa na somo wake ndani kwa siku kadhaa, na hakuna aliyesema hayo si masomo. Kilichobadilika ni sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 kwa Tanzania Bara inataka mtoto aliyefika miaka saba aandikishwe shule ya msingi. Ndiyo maana familia nyingi husomesha nyumbani kwa kuongezea juu ya shule: jioni, Jumamosi na likizo. Safari ya pamoja inaingia vizuri hapo.

Mfano wa nyumba iliyokuwa darasa unatoka hapa hapa Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake, zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza jinsi watoto wa jumba, wa kike na wa kiume, walivyosomeshwa Qur'ani pamoja. Lakini kuandika hakukufundishwa kwa wasichana, ilionekana haifai. Salme alijifundisha kwa siri. Aliweka msahafu mbele yake na kunakili herufi moja moja juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, akiwa na miaka kama kumi na tano, kaka yake Barghash alipopanga kunyakua utawala, Salme ndiye aliyewaandikia barua zao. Msichana aliyezuiwa kalamu akawa karani wa mambo makubwa ya nchi. Tumkumbuke Barghash, tutakutana naye tena.

Sasa tupande milimani, na huko nako mwalimu wetu ni mtu wa pwani. Abdallah bin Hemedi, ambaye kitabu chake kinamwita 'lAjjemy, alikuwa karani wa Semboja, mtawala wa Kikilindi aliyekaa Mazinde, chini ya milima. Baadaye akawa liwali Tanga wakati wa Wajerumani. Aliishi na watu, akawasikiliza, kisha akaandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa Magila, karibu na Muheza, kuanzia miaka ya 1890. Bila ya kusafiri na kusikiliza, habari nyingi za ufalme wa Washambaa zisingetufikia kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo maana ya safari ya masomo: kumfuata mwenye habari mahali alipo.

Mkiwa mnatoka Dar kwa basi, somo la kwanza liko Mombo, kabla hamjaanza kupanda. Mombo iko kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto kiasi cha mita 1,400, ingawa kati yao ni kilomita 33 hivi tu. Washambaa hutofautisha nchi mbili: nyika, yaani bonde la joto na ukame, na Shambaai, nchi ya juu yenye mvua na migomba. Jina Usambara lenyewe limetokana na Shambaai. Wapeni watoto kazi ya kuandika mimea wanayoiona dirishani, kutoka mkonge wa chini hadi migomba na mboga za juu. Wataiona mipaka ya nchi mbili kwa macho yao bila kuambiwa.

Hapo hapo Mombo mna habari za reli. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Lushoto waliiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Hata maua yalibadilishwa majina: mwaka 1892 ofisa wao wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta ua dogo la rangi ya urujuani likiota Usambara, akalipeleka kwao. Leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote, na jina la kitaalamu lililopewa wakati ule, Saintpaulia, ni la ukoo wake. Waulizeni watoto: ua hilo halikuwa na jina kabla hajafika?

Kisha kuna Vuga, mji mkuu wa wafalme wa Kikilindi. Masimulizi yanasema Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu aliyekuja na mbwa wake, akawagawia watu nyama ya nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akaua simba, na watu wakamfanya mtawala. Mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, alitawala hadi mwaka 1862 hivi. Enzi yake ilishuka hadi pwani, na viongozi wa miji kati ya Tanga na Pangani walimtambua yeye na Sultani wa Zanzibar kwa pamoja. Krapf alimtembelea mwaka 1848 na 1852. Burton na Speke walifika mwaka 1857. Watoto wetu wanaojua majina ya masultani wote wa Unguja, ni wangapi wanajua kwamba jirani yao mlimani alikuwa na ufalme wake?

Na hapa ndipo penye sehemu ngumu, ile tunayoiruka. Kimweri alipofariki, mjukuu wake Shekulwavu alikaa Vuga, lakini mwanawe Semboja, aliyekuwa Mazinde kwenye njia ya misafara, alikuwa na bunduki. Bunduki zilipatikana kwa biashara, na bidhaa kubwa ya biashara ile ilikuwa binadamu. Vita vikazuka, Vuga ikachomwa, na watu wa milimani na Bonde wakatekwa na kuteremshwa pwani. Wengine walibaki Pangani kwenye mashamba ya miwa, wengine walivushwa bahari kuja visiwani, kwenye mashamba ya karafuu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, chini ya Sultani Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua na dada yake.

Mashoga zangu, karafuu tunazoweka kwenye pilau na kwenye singo ya bi harusi zina historia hiyo. Baadhi yetu huenda ni wajukuu wa waliovushwa, na baadhi ni wajukuu wa waliowanunua. Kwa wengi wetu damu zote mbili zimechanganyika. Mtoto akipelekwa Usambara kula matunda na kupiga picha tu, akarudi bila kujua hili, tumempeleka matembezi. Akirudi na swali la kumuuliza bibi yake, tumempeleka masomoni.

Wakubwa wanaweza kuongezewa somo la Mlalo. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya Waingereza ililazimisha kilimo cha matuta kuzuia mmomonyoko, na miaka ya 1950 mpango ukaenea Usambara. Kazi ya jembe ilikuwa zaidi ya wanawake, na matuta yaliwaongezea mzigo huku mavuno hayaongezeki. Watu walikataa, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Washambaa wana msemo wa kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mabinti wajadili: nani aliyekuwa akiiponya nchi wakati ule, na nani aliyekuwa akiiharibu?

Sasa mipango. Familia nne au tano zinatosha kugawana gari na nyumba ya kulala bila kuwa msafara usiodhibitika. Maharimu wapangwe mapema, wasiwe jambo la kukumbukwa bandarini. Kila mama achukue kikundi cha watoto watano au sita na somo moja alilolisoma vizuri: mmoja mimea, mmoja reli, mmoja Wakilindi. Epukeni masika, Machi hadi Mei, kwani njia ya mlimani huteleza na huweza kufunikwa na udongo. Juni na Julai ni baridi kweli kweli, masweta ni lazima. Mkitaka kuingia msitu wa hifadhi wa Magamba, chukueni kibali na mwongoza njia kutoka ofisi ya misitu. Huko mnaweza kuwaona mbega, wale kima weusi wenye manyoya meupe marefu. Na kabla ya yote, tafuteni mzee wa Kishambaa, mwanamume au mwanamke, aliye tayari kukaa na watoto saa moja. Nendeni kwake na zawadi na adabu, na watoto wawe wameandaa maswali kwa maandishi.

Jambo la mwisho ni la mabinti. Katika safari nyingi za pamoja nimeona wavulana wakipanda mawe na kuuliza maswali, na wasichana wakibaki kuangalia wadogo na kugawa sambusa. Tugawe kazi sawa. Binti naye apewe daftari, apewe zamu ya kumhoji mzee, apande mpaka juu akiwa na stara yake kamili. Salme aliiba elimu ya kuandika kwa mfupa wa ngamia. Wa kwetu wasihitaji kuiba.

Na wewe bi harusi mtarajiwa, unayepanga makabati na mapazia, panga na hili pamoja na mwenzio: watoto wenu, Mungu akiwajaalia, mtawafundisha nini wenyewe, na mtawapeleka wapi wakaone? Zungumzeni sasa, wakati nyumba bado ina nafasi. Allah atujaalie elimu yenye manufaa na safari za salama. Amin.