Matimbo ya Bamburi na Mayatima Wake

Mwishoni mwa Desemba 2004, watu wa Malindi walishinda ufukweni wakihangaika na mtoto wa kiboko. Mvua ilikuwa imeufurisha Mto Sabaki na kulisukuma kundi lake mpaka baharini. Tarehe 26 ikaja tsunami, na ilipopita akaonekana yeye tu, amekwama mwambani. Wavuvi walimzingira na nyavu, naye akazichana. Mwishowe mwokoaji mmoja, Owen Saubion, alimrukia na kumbana mpaka nyavu zikamkaza. Ndiyo asili ya jina la kiboko huyo, Owen. Akapakiwa garini, akaletwa Bamburi, Mombasa.

Yaliyofuata baina yake na kobe aitwaye Mzee yamesimuliwa dunia nzima. Ambalo halisimuliwi vya kutosha ni hili: kwa nini Bamburi palikuwa na mahali pa kumpokea?

Kiwanda cha saruji kilianza kazi hapo mwaka 1954. Matumbawe ya kale yalipasuliwa na kusagwa, na kila timbo lililokwisha likaachwa wazi: jiwe jeupe lisilo na udongo, jua kali, na maji ya chumvichumvi chini kidogo tu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa ameajiriwa kiwandani, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Tatu tu zikashika, mvinje na mnazi zikiwa miongoni mwake.

Mvinje ulistahimili chumvi na kukua upesi, lakini ukaleta shida nyingine. Majani yake membamba yalianguka yakalala vilevile, makavu, hayaozi. Na bila kuoza hakuna udongo. Dawa ilikuwa jongoo, yule mwekundu wa miguu ambaye watoto wetu humchokoa kwa kijiti ajikunje. Haller aliona anayala majani hayo, akawaleta kwa mamia. Jongoo alitafuna, akaacha kinyesi. Vijidudu vikaendelea pale alipoishia. Tabaka jeusi likaanza kuonekana juu ya jiwe. Mimi humpa jongoo heshima kubwa katika historia hii, sawa na vibarua waliotoboa mwamba mashimo ya miche.

Baada ya miti wakaja wanyama: samaki wa mabwawani, mamba, pofu, twiga, viboko. Wengi waliletwa wakiwa mayatima au majeruhi. Mwaka 1984 umma ulifunguliwa njia, na mwaka 1987 Haller akatunukiwa tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa. Bustani ikaja kuitwa kwa jina lake, Haller Park.

Kwa hiyo Owen alipofika, msitu ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30, na Mzee, kobe wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, alikuwa mwenyeji. Owen alikimbilia kujificha nyuma yake. Mzee akamfyonya, akajivuta kando, mtoto akamfuata. Stephen Tuei, mtunzaji wa wanyama, na Dkt. Paula Kahumbu, aliyeisimamia bustani, walishuhudia yaliyofuata: Owen alikataa chakula mpaka alipomwona Mzee akila majani, naye akaanza kula ubavuni mwake. Wakawa wanalala pamoja na kuogelea pamoja, na Peter Greste akawapiga picha. Baadaye Owen aliunganishwa na kiboko mwenzake, Cleo, kwani kiboko aliyekomaa angeweza kumuumiza kobe bila kukusudia. Uamuzi huo naona ulikuwa wa huruma kamili: aliangaliwa mnyama, hazikuangaliwa picha.

Huruma hiyo imetoka nje ya ua pia. Shirika la hisani la Baobab Trust, lililozaliwa na kazi hiyohiyo, limefanya kazi na wavuvi wa ufuo wa Bamburi na Nyali kulinda kasa, ambao sheria imekataza kuwaua. Hapa jambo gumu ni riziki. Mayai ya kasa ni kitoweo na ni pesa, na mvuvi aliyerudi na dema tupu hatashibishwa na hotuba. Ndiyo maana msingi wa kazi hii ni kumfanya mvuvi awe mlinzi. Yeye ndiye wa kwanza kuuona mburuzo wa kasa mchangani alfajiri. Akitoa habari, mayai yaliyo karibu na maji makuu huhamishiwa juu, yakaangaliwa kwa takriban siku 60 mpaka yaanguliwe.