Kilimia

Kilimia nm [ngeli ya KI-VI; hutumika katika umoja] Kundi dogo la nyota zilizosongamana angani; zionekanazo kwa macho matupu huwa sita au saba.

Asili. Neno hili linatokana na kitenzi *lima* katika kauli ya kutendea, *limia*. Kundi limepewa jina kwa kazi ya shambani, si kwa umbo lake. Kizulu na Kixhosa vina *isiLimela*, lenye mzizi huohuo. Humo *l* iliyodondoka katika Kiswahili ingali inatamkwa. *Thurea*, lenye asili ya Kiarabu, hutaja nyota hizohizo na pia taa yenye matawi ining'inizwayo darini.

Upatanisho. Ijapokuwa nyota ni nyingi, husemwa *Kilimia kimezuka*, si *Kilimia zimezuka*. Neno *nyota* likitangulia, upatanisho huifuata *nyota*: *nyota za Kilimia zimezuka*.

Kuzama na kuzuka. Vitenzi hivi vina maana mbili. Ya kwanza ni ya kila siku: kuchwa magharibi na kuchomoza mashariki. Ya pili ni ya mwaka: Kilimia *huzama* mwezi Mei, kinapomezwa na mwanga wa jua, kisha *huzuka* mwezi Juni, kabla ya mapambazuko. Methali *Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua* inahusu maana hii ya pili.

Tanbihi kwa wafasiri na walimu. Methali hiyo inaafiki pwani, ambako masika huendelea hadi Mei. Ipole, wilayani Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, hali ni nyingine. Misafara ya zamani ilikifikisha Kiswahili Unyamwezi, lakini majira ya pwani hayakusafiri nacho. Huko mvua ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Kilimia huzama mvua zikiwa zimekwisha na huzuka katikati ya kiangazi. Alama ifaayo kwa mkulima wa Ipole ni Kilimia kuchomoza mashariki mara giza linapoingia, mwezi Novemba, wakati wa kupanda.

Kwa hiyo, anayefasiri *Kilimia* kwa kutaja nyota tu huipoteza maana ya kilimo. Naye anayekiita "dalili ya mvua" bila kutaja mahali, mwezi na saa humpotosha msomaji kuhusu msimu.